Ustadhi na Somo la Kuchambua Habari

Ukimsikiliza Ustadhi, shule nzima hakuna darasa lenye vichwa kama la kwake! "Wanafunzi wangu," alimwambia mkuu wa shule, "wanachambua mada kama mchele, chembe kwa chembe!"

Alikuwa na sababu ya kujipigia debe. Nafasi ya mkuu wa idara ya dini ilikuwa wazi, na mkaguzi alikuwa njiani kuja kumpima.

Ukweli je? Muhula mzima darasa lilinakili tu! Ustadhi humpa kiranja daftari lake kuukuu, kisha huyo, ofisini kunywa chai. Watoto walinakili kila kitu, hata tarehe za miaka sita nyuma.

Siku ya ukaguzi kanzu ilinyooshwa pasi ikanyooka kweli. Mlangoni Ustadhi akamrudia mama mkaguzi majigambo yale yale, kisha mama akaketi nyuma na mkuu wa shule.

"Leo ni habari!" Ustadhi akanguruma. "Dini haitaki umeze habari nzima nzima. Ikikujia, uliza: nani kaisema? Alikuwepo? Anaaminika?"

Darasa likashtuka. Kumbe Ustadhi ana sauti! Mikono ikapanda, maswali yakamiminika, naye akanogewa hadi akasahau kuwa anakaguliwa.

"Haya, nipeni habari yoyote tuichambue!"

Akasimama kiranja, binti wa dawati la mbele. "Ustadhi, pale mlangoni umemwambia mama mkaguzi kwamba muhula mzima tunachambua."

"Aa... tafuta nyingine, mwanangu."

"Hiyo hiyo," mkaguzi akasema.

"Aliyeisema ni Ustadhi. Alikuwepo?" Binti akafungua daftari la vipindi. "Muhula huu kaingia mara tano, mama, na leo ikiwemo."

"Makubwa!" darasa likaguna.

"Je, anaaminika?" akadakia mmoja.

Binti akafikiri kwa haki kabisa. "Ustadhi ni mtu mwema, na anatupenda. Lakini habari hii, mama, ni dhaifu."

Jasho likamtoka Ustadhi hadi kanzu ikamganda mgongoni. Mkaguzi akafunika mdomo kwa faili.

"Kuchambua mnajua, nimeona mwenyewe. Nani kawafundisha?"

"Ustadhi!" darasa zima likaitikia.

Alhamdulillahi! Kifua kikamjaa, na mkuu wa shule akaanza kutabasamu. Ustadhi akajiona tayari kwenye kiti cha idara.

"Amewafundisha tangu lini?"

Binti akatazama saa ya ukutani.

"Tangu saa mbili na robo, mama."

Ilikuwa saa tatu kasoro robo.