Friza Nisiyowahi Kuiona

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye ile nyumba ya vyumba viwili amekataa kodi yangu. Ya miezi mitatu, taslimu, nimeishika mkononi! Kasema fedha baadaye. Kwanza nilete ripoti ya mikopo, aone nani ananidai na ninalipaje. Siku hizi hata mtu mwenye vyumba viwili na choo cha nje anajifanya benki. Kanipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Hali ni hii. Tangu mama mkwe aanguke akavunjika nyonga, tunaishi naye chumba kimoja, pazia katikati. Mkwe ni mkwe, mimi siwezi kulala humo. Nalala karakanani, juu ya kochi la mwalimu mkuu, ambalo nilitakiwa kumkabidhi tangu Januari likiwa na sponji mpya na kitambaa kipya. Mke wangu kasema tarehe kumi na nne ndiyo mwisho. Tusipopata nyumba, anamchukua mama yake wanahamia kwa kaka yake. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimeomba ripoti kwa simu. Mashine ikaniuliza maswali, ihakikishe mimi ni mimi. Umewahi kukopa pikipiki, friza, cherehani, au hukukopa chochote? Nikabonyeza hukukopa chochote. Kweli tupu, sijakopa hata kijiko! Ikajibu kwamba mimi si mimi. Nijaribu tena kesho.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele. Zangu zimebaki chache, lakini zinafanya kazi. Kama ukweli umekataliwa, basi jibu ni moja kati ya yale mengine. Pikipiki siwezi kuendesha. Cherehani ninayo, ya urithi. Nikabonyeza friza. Ikakubali! Ikauliza ya lita ngapi. Nikachagua kubwa kuliko zote, maana mtu akikopa hakopi kidogo. Ikauliza ilichukuliwa mwaka gani. Nikafumba macho nikabonyeza. Nimefaulu! Ikanikaribisha kwa jina langu kamili. Nikacheka peke yangu mpaka fundi wa jirani akaja kuchungulia.

Kisha nikasoma ripoti. Friza ya lita mia tano, imekopwa duka la vyombo vya umeme kwa namba ya kitambulisho changu, haijalipwa miaka minne. Mdaiwa sugu. Alama mia mbili na kumi. Shemeji yangu, huyo kaka wa mke, ana mia saba na tisini, na ripoti yake ameitia fremu akaitundika juu ya televisheni.

Friza! Mimi hata maji ya baridi naomba kwa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya taarifa za mikopo. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Namba yangu themanini na nane, wanahudumia thelathini na moja. Viti vya plastiki, vimefungwa pamoja kwa mnyororo, kana kwamba kuna mtu atavitamani.

Saa nane mchana nikamfikia mama mmoja ambaye nimempa jina la Bi Miwani. Nikamweleza kwamba friza si yangu. Akatazama kompyuta, akaniuliza kwa upole, kama si yangu, jana saa nne na dakika kumi nilijuaje ukubwa wake? Nikasema nilibahatisha. Akasema kubahatisha ni kosa, limeandikwa kwenye masharti. Kwa hiyo nichague: ama friza ni yangu, ama jana nilijifanya mtu mwingine. Nikachagua kwenda nyumbani.

Kabla sijatoka akanipa fomu ya pingamizi. Akasisitiza niandike sababu moja tu, ya kweli. Majibu ndani ya siku thelathini. Mimi nina siku tisa!

Ijumaa, 7 Machi

Sababu moja inaweza kupotea njiani. Nimepeleka fomu sita. Ya kwanza, kitambulisho changu kiliibwa. Ya pili, nilikuwa nje ya nchi. Ya tatu, nilikuwa nimelazwa. Ya nne, nina pacha. Ya tano, deni lilishalipwa. Ya sita, friza yenyewe ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, haigandishi hata maji. Hii ya sita naipenda kuliko zote. Niliiandika kwa uchungu wa kweli.

Mke wangu aliuliza kwa nini nisiende dukani tu, niombe kuona mkataba, nitazame sahihi ni ya nani. Nikamwambia mambo haya hayaendi kienyeji namna hiyo. Alikuwa anamgeuza mama yake ubavu wa pili. Mikono yake imepasuka kwa kufua mashuka. Niliona aibu, nikatoka nje.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu zote sita zimejibiwa kwa ujumbe mmoja. Maelezo yanapingana. Pacha afike ofisini na kitambulisho chake.

Nikiwa bado nawaza pacha nitampata wapi, akapiga simu mkusanya madeni. Bwana mwenye sauti laini, akaniita mheshimiwa. Akasema nikilipa kiasi kidogo tu leo, jalada langu litabadilika leo leo. Litabadilika! Zilikuwa zimebaki siku nne. Akanisomea maneno fulani, nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikamtumia fedha alizonipa mwalimu mkuu za kununulia sponji.

Mke wangu simwambii. Nataka nimshangaze.

Jumatano, 12 Machi

Kanishangaza yeye. Jana alikwenda dukani bila kuniambia. Dakika ishirini! Mkataba ukatolewa kabatini. Sahihi si yangu, picha ni ya mwenye bucha mmoja mnene, na karani alikosea tarakimu moja ya kitambulisho. Meneja akaomba radhi, akampa barua yenye muhuri.

Mama mkwe, kule nyuma ya pazia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mama aanguke. Akasema kesho niipeleke barua, niikabidhi, nisiongeze neno hata moja.

Nikamkumbuka yule bwana wa simu. Ningeanzaje kumwambia, naye amefurahi vile?

Alhamisi, 13 Machi

Bi Miwani akaisoma barua mara mbili, akatabasamu. Ana meno mazuri, sikuwa nimeyaona. Akageukia kompyuta aifute friza. Akaniuliza kama Jumatatu nililipa chochote.

Nikasema kidogo tu, kwa nia njema. Akavua miwani. Akanieleza polepole kwamba anayelipa deni amelikubali, na zile ndiyo zangu tatu zimerekodiwa. Nimelichukua deni lote, na riba yake. Mwenye bucha hadaiwi tena, nadaiwa mimi. Barua ya mke wangu haina kasoro, akasema, ila iliandikwa Jumanne, imechelewa siku moja.

Kwa hiyo jalada limebadilika. Yule bwana hakusema uongo.

Ijumaa, 14 Machi

Funguo za nyumba kapewa mtu mwingine. Nikamweleza mke wangu yote. Nilingoja kelele. Akauliza nililipa kiasi gani, nikamtajia. Akauliza kwa nini sikwenda dukani tangu siku ile aliponiambia.

Shemeji alikuja na gari. Akambeba mama yake mikononi taratibu, kama yai. Mama mkwe akaniambia nisijali mwanangu, ninyi bado vijana. Nina miaka arobaini na saba. Mke wangu akalishusha pazia, akalikunja, akaondoka nalo. Shemeji alirudi mlangoni kuniambia kwamba nikitaka atanisaidia kuandika rufaa, anajua utaratibu. Alisema kwa wema. Nikakataa. Sitaki msaada wa mtu wa mia saba na tisini!

Jumapili, 16 Machi

Sasa chumba kinatosha. Nimelala kitandani kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na nimeamka nimejibana ukutani, nimemwachia mke nafasi yake. Namkumbuka. Nimepika, chakula kimenishinda.

Lakini nimekaa nikafikiri. Deni ni langu, tena kwa muhuri wa serikali. Basi na friza ni yangu! Iko buchani na mtaa naujua, uko kwenye barua. Lita mia tano. Nitaichukua kesho, nitauza barafu, na baada ya miezi mitatu nyumba nitainunua, si kupanga. Gari la mizigo linataka malipo ya mbele. Nimempata mkopeshaji ambaye haulizi ripoti, anataka dhamana tu. Nimempa kochi la mwalimu mkuu. Ameshalichukua.

Mke wangu kanitumia ujumbe. Mama amesahau mkongojo wake, niupeleke. Na nikienda, nisiende na mpango wowote, nikae tu tuzungumze. Nimeusoma mara nne. Nimemjibu kwamba nitafika kesho jioni, nikishatoka buchani.