Soazig na Vita vya Nusu Alama

Sogezeni viti, enyi mliowahi kukalishwa mbele ya karatasi ya mtihani huku kalamu ikiteleza kwa jasho, nanyi ambao hamjakalishwa lakini siku yenu yaja. Epueni sufuria, wanyamazisheni watoto, kwa maana nitasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, vilivyopiganwa kwa ulimi, kwa meno na kwa pumzi, katika mji wa Roscoff, pwani ya Bretoni nchini Ufaransa, mwaka ule koliflawa zilipoozea mashambani kwa mvua. Wala sisimulii ya kusimuliwa tu. Nilikuwapo, mimi jirani yake wa ukuta mmoja, mwenye gari lililompeleka vitani na kumrudisha nyumbani.

Shujaa wetu aliitwa Soazig Kerdoncuff, mkunga, mpokeaji wa watoto elfu tatu na ushei, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mfupi wa kimo, mpana wa mabega, mwenye sauti ambayo mama aliyeshikwa na uchungu akiisikia husahau kuogopa. Kwa miaka ishirini na tisa alizalisha katika wodi ndogo ya wazazi hapa pwani, hata ukipita naye sokoni, muuza samaki, mwalimu, askari na padri msaidizi, wote aliwaona uchi kabla mama zao hawajawaona. Kisha wodi ikafungwa. Wajawazito wakaambiwa wakajifungulie mji mwingine, mwendo wa saa nzima kwa gari, naye Soazig akapewa meza, kompyuta na kazi ya kupanga mafaili. Alivumilia mwaka mmoja. Siku moja niliingia jikoni kwake nikamkuta anakanda unga, polepole mno, akiugeuza na kuutegemeza kwa kiganja kama kichwa cha mtoto mchanga, nikajua huyu hatadumu na mafaili.

Ikawa habari ikavuka bahari kwamba hospitali moja ya mji wa Cork, nchini Ireland, inatafuta wakunga. Soazig akaomba, nao wakamtaka. Mkataba ulikuwa tayari, chumba kilikuwa tayari, na nafasi yake ingemngoja hadi mwisho wa mwezi wa sita. Lakini langoni alisimama bawabu asiyejua huruma, ambaye jina lake ni Mtihani wa Kiingereza, mwenye silaha nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila moja sharti uishinde kwa alama saba. Soazig alizishinda tatu za kwanza. Katika kuzungumza akapata sita na nusu.

Nusu alama, jamaa zangu. Kitu kisicho na uzito wala harufu, kisichojaza hata kijiko. Nacho kilisimama kati ya mwanamke huyu na watoto wote wa Cork ambao walikuwa hawajazaliwa.

Adui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni H. Sisi tuliolelewa kwa Kifaransa hatunayo. Tukiiona imeandikwa twaipita kama mtu anavyompita anayemdai. Mpe mmoja wetu Kiswahili, atakwambia "abari za asubui" bila kuona haya. Wa pili ni ile sauti ambayo msomaji wangu huitoa kila anapohesabu thelathini au kutaja dhahabu, akiubana ulimi kidogo kwa meno. Sisi twasema "selasini", twasema "zahabu", na ulimi hautoki ndani hata kwa kubembelezwa. Na tazameni ukatili wa adui hao. Kwa Kiingereza, mkono una H, moyo una H, kichwa kina H, hospitali ina H, hata mume anayo. Mama, pumzi na kuzaliwa vyote vina ile sauti ya ulimi. Ni kana kwamba Waingereza walifanya kikao wakauliza mkunga wa Kibretoni atahitaji maneno gani, wakayawekea mitego yote.

Mara ya kwanza aliulizwa kuhusu mlo anaoukumbuka. Sasa, kwa lugha ile, njaa na hasira hutenganishwa na pumzi moja ya H. Soazig, kwa uso mkunjufu, akamweleza mtahini kwamba kila Jumapili akifika kwa mama mkwe wake huwa ana hasira kali, nayo haishi mpaka apewe nyama. Sita na nusu. Mara ya pili alinunua kitabu, akameza maneno makubwa kama mtu amezaye kokoto, na alipofungua kinywa yakamkwama yote mlangoni. Sita na nusu tena.

"Mke wangu, umezalisha nusu ya mkoa wa Finistère," alisema mumewe Goulven, mkulima wa koliflawa, akivua buti zenye matope. "Leo unashindwa na herufi?"

"Si herufi, Goulven. Ni hewa. Natafuta kahewa kadogo tu mwanzoni mwa neno, hakatoki."

"Mbona ukinigombeza inatoka nyingi tu?"

Soazig akamtupia kitambaa cha vyombo. Lakini niliona macho yake yamelowa, na Goulven naye aliona, akaacha utani, akaketi.

"Kuna Mzee Saïk," akasema Goulven.

Hapo niombeeni pumzi, niweze kumwingiza Saïk Moal kwa heshima inayomstahili: mpanda baiskeli wa vilima vya Wales, mbeba mishikaki ya vitunguu, mgonga milango isiyohesabika, mtu wa miaka themanini na saba aliyeacha shule akiwa na kumi na miwili. Alikuwa mmoja wa mabaki ya wale wanaume wa Roscoff waliovuka bahari kila kiangazi, wakasuka vitunguu kwenye fito, wakavining'iniza kwenye usukani wa baiskeli, wakaviuza nyumba kwa nyumba. Kiingereza chake hakikupita darasani hata kuomba maji ya kunywa. Alikipata vizingitini, kwa akina mama waliovaa aproni, na kwa hiyo kila mwanamke, hata angekuwa malkia, alimwita "kipenzi changu".

Soazig akaenda kwake na sahani ya chapati za maji za ngano nyeusi, akaeleza shida yake. Mzee alisikiliza huku akila, hata ya mwisho ilipokwisha akajifuta siagi na kunena kama jemadari.

"Binti, umekwenda vitani na vitabu. Nani alikwambia H inakaa kitabuni? H inakaa hapa." Akajigonga kifua. "Bibi yako Katell alikuwa nayo. Akiita kuku wake kwa Kibretoni, H zilikuwa zinaruka mpaka kwangu. Mkapelekwa shule, mkaambiwa hiyo lugha ya mashambani, mkaitema. Sasa unatafuta ulichotema."

"Kwa hiyo ninayo, Mzee wangu?"

"Unayo. Imejificha tu, inakuogopa. Nyoosha kiganja."

Akakibandua kitunguu ganda la nje, lile jepesi la rangi ya waridi, akaliweka kiganjani mwake, akamwamuru aseme "nyumba" kwa Kiingereza, na ganda liruke. Soazig akasema. Ganda halikutikisika. Akasema tena, ganda likalala zaidi. Alasiri ile mwanamke aliyewaleta duniani watu wa kujaza kanisa alipambana na ganda la kitunguu kwa saa mbili, nalo likamshinda.

Ndipo ukaanza mzingiro wa majuma saba. Kila siku saa tisa alasiri shujaa aliingia jikoni mwa Mzee Saïk, na mimi nikakaa pembeni na kahawa, shahidi wa historia. Juma la pili ganda lilitetema. Juma la tatu liliruka, likaangukia kwenye kahawa yangu, tukakumbatiana watu watatu wazima kama waliopokea barua ya amani. Kwa ile sauti ya pili, mzee alimkalisha mbele ya kioo aung'ate ulimi wake kidogo na kupuliza, na kila alipourudisha ndani alimkemea: "Utoe nje upate jua." Soazig alifanya mazoezi garini, bafuni, kwenye foleni ya mkate. Muuza mkate akaniuliza pembeni kama mama mkunga amepatwa na ugonjwa wa neva. Ushindi nao ulileta maafa yake: H alipoipata, hakujua kuifunga. Akaipachika kila mahali, hata kwa maneno yasiyoihitaji, kama mtu aliyesema "hasante" na "hembe", na Goulven akalalamika kwamba akila chakula na mkewe sharti ashikilie chumvi isipeperuke.

Siku ya siku ikafika, katikati ya mwezi wa sita. Kama angeshindwa hapo, hapakuwa na tarehe nyingine kabla ya nafasi yake kupewa mtu. Nilimpeleka mji wa Brest, mahali pa mtihani, asubuhi, mvua ikipiga kioo. Akashuka, akakaza koti kama deraya, akaingia, nami nikabaki garini nikitafuna kucha zangu na, zilipokwisha, mkate wa siagi aliouacha.

Yaliyojiri ndani niliyasikia kwake mwenyewe wakati wa kurudi, nami nayaandika alivyoyanena.

Alimkuta mtahini kijana mwenye ndevu nyekundu na tai mpya, na kati yao kinasa sauti kikiwaka taa. Soazig akavuta pumzi, akamtazama adui usoni, akatoa salamu yake kwa H na kila kitu: "Hujambo, kipenzi changu."

Kijana akawa mwekundu kuliko ndevu zake. Na iwe ni kwa mshtuko, au ni kahawa aliyoibugia, pale pale akashikwa na kwikwi.

Mwanzoni aliidharau. Akauliza jina, kwikwi. Akauliza mji, kwikwi. Soazig naye alikuwa anavuja. Akichungulia kinasa sauti alizihesabu H zake zikitoroka moja moja. Kisha akapewa kadi, azungumze dakika mbili kuhusu kitu alichokisubiri kwa muda mrefu. Alipofika sentensi ya pili kijana akapigwa na kwikwi iliyoangusha kalamu, nyingine ikaangusha karatasi, na machozi yakaanza kumlengalenga, kwa maana alikuwa mgeni kazini na kila sauti ilikuwa inarekodiwa.

Soazig akaiweka kadi mezani. Hakukumbuka tena alama wala kinasa sauti. Alimwona mbele yake mtu aliyeshindwa kupumua na anayeogopa, na kwa watu wa namna hiyo alikuwa na ujuzi wa miaka ishirini na tisa. Akasimama.

"Zuia pumzi," akamwambia.

Wasomaji wangu, amri hiyo fupi kwa Kiingereza huanza na H na huishia na ulimi kati ya meno. Maadui wote wawili katika pumzi moja, na shujaa alipita katikati yao bila hata kuwaona.

"Kaa wima. Mkono huu, uweke hapa. Izuie. Bado. Bado kidogo, unaweza, mama." Ndiyo, alimwita mama, kwa mazoea. "Sasa itoe. Taratibu. Vizuri sana."

Wakangoja wote wawili. Kwikwi haikurudi.

"Asante," alisema kijana, sauti ikiwa ndogo. Akaokota karatasi, akaitazama, akaiacha. "Umejifunza wapi hayo?"

Basi akamweleza. Akamweleza wodi ilivyokuwa na madirisha matatu yanayotazama bandari, na jinsi siku ya kuifunga alivyotandika vitanda vyote upya japo hapakuwa na wa kuvilalia. Akasema anachokisubiri ni uzito ule, kilo tatu zenye joto, unapotua mikononi kwa mara ya kwanza. Kama H zilikuwapo au hazikuwapo, alisema, hajui hata leo.

Tulipokuwa njiani kurudi, karibu na mji wa Landivisiau, akanigeukia.

"Nimemwita kipenzi," akasema.

"Nani?"

"Mtahini."

Nililazimika kuegesha kando ya barabara. Tulicheka mpaka vioo vikaingia ukungu.

Matokeo yalikuja Jumatano ya soko, saa tano asubuhi, mbele ya meza ya kaa na chaza. Yeye aliyepokea mapacha bila kupepesa jicho akamsukumia Goulven simu, asome. Akasoma. Akavua kofia.

"Kuzungumza, saba," akasema.

"Saba kati ya ngapi?" akauliza Mzee Saïk.

"Tisa, Mzee wangu."

"Hizo mbili wamezipeleka wapi?"

Dakika ile ile meli ya Ireland, iliyokuwa gatini, ikapiga honi ndefu iliyotikisa ndoo za samaki. Wenye roho ndogo watasema ni saa yake ya kuondoka. Mimi mwandishi wa habari hizi nilikuwapo, nami naandika kwamba ilimpigia Soazig.

Sasa sikieni lililo kubwa kuliko yote. Juma la tatu baada ya kuhamia Cork alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana, akicheka hata nikadhani analia. Watu wa kule, akasema, ile sauti ya ulimi hawana. Neno lao la kuhesabia tatu wanalitamka sawasawa na neno la mti. Muuguzi mkuu anasema "t" tupu, madaktari wanasema "d" tupu, wazazi ndiyo usiseme. Ametafuta wodi nzima, ghorofa mbili, hakumwona mwenye nayo.

"Sasa wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

"Mimi naitoa," akasema. "Nimeitolea jasho. Leo asubuhi nimepokea wa kilo tatu na robo, msichana, na nikamwambia mamake heri ya kuzaliwa kwa mtoto, ulimi nje kabisa. Akanitazama, akaniuliza mimi ni wa ukoo wa kifalme au vipi."

Basi na iandikwe, na atakayefuta na ashikwe na kwikwi: kwamba katika chumba cha leba cha mji wa Cork, palipokuwa na wakunga kumi na wanane waliozaliwa ndani ya Kiingereza, mtu mmoja tu ndiye aliyekitamka kama mtihani ulivyoagiza, naye alikuwa Soazig Kerdoncuff wa Roscoff.