Banda la Mishikaki Mahali pa Mizimu

Jumatatu, 2 Juni
Mkutano wa kijiji. Afisa mazingira, Samira, katusomea sheria ndogo mpya ya bwawa la Manchira. Mita sitini kutoka majini: hakuna kulima, kuchunga wala biashara. Itapandwa miti, watu wapate pa kutembea na kupumzika. Wenye mabanda waombe viwanja kule juu barabarani. Safi sana. Ila banda langu la mishikaki liko hatua kumi na mbili tu kutoka majini! Miaka minne nakula moshi pale! Nyangwine, mshindani wangu, kajaza fomu papo hapo. Mwoga. Mke wangu Gati kasema, Joram, nasi tujaze. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaniangalia kipara.

Jumatano, 4 Juni
Nimeisoma sheria yote. Kifungu cha tisa: maeneo ya matambiko hayaguswi. Hayaguswi! Mbio kwa Samira. Nikamweleza kwamba kwenye jiwe la nyuma ya banda langu babu zetu waliombea mvua. Kauliza kama nina uhakika. Nikaapa. Jiwe lenyewe nalinolea kisu.

Ijumaa, 6 Juni
Ushindi! Vigingi vimezunguka jiwe pamoja na banda langu. Mengine yanavunjwa, langu limesimama. Nimempungia mkono Nyangwine akipita na mabati yake kichwani.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa! Wamekuja wazee wa mila saba. Nimetoa shikamoo saba, zimeitikiwa kwa shingo upande. Mzee Machage kauliza nani anachoma nyama mahali pa mizimu, na tangu lini. Kwa ulimi wangu huu nikajibu miaka minne. Hukumu: nitoe beberu wa kupasafisha, na nisikanyage tena ndani ya vigingi. Nikataka kukiri kwamba nilidanganya. Samira, aliyeongozana nao, kanikumbusha adhabu ya kiapo cha uongo, kifungu cha kumi na moja. Hicho nilikiruka.

Jumatatu, 9 Juni
Beberu wangu kachinjwa. Wamemchoma kwenye jiko langu! Nikapiga kelele kutoka nje ya vigingi kwamba mbona nao wanachoma. Mzee Machage kajibu kwamba lile ni tambiko, yangu ilikuwa biashara. Harufu ilinifikia. Nyama haikunifikia.

Jumatano, 11 Juni
Kumbe Gati alijaza fomu siku ile ile ya mkutano! Kiwanja kiko barabarani, chini ya mkuyu mmoja na Nyangwine. Wageni kutoka Mugumu wanashuka bwawani kutazama ndege, wanapanda na njaa. Gati anachoma, mimi naosha sahani. Nilidhani tumekwisha. Nimefurahi mpaka machozi.

Ijumaa, 13 Juni
Ila Nyangwine anauza kutushinda! Nimeirudia sheria. Kifungu cha kumi na mbili: mti wenye kiota cha ndege adimu, biashara yote chini yake inafungwa. Nimeokota kiota kikuukuu, nikapanda mkuyu, nikakifunga kwa kamba. Upande wa Nyangwine tu, nimehakikisha. Samira anakuja kesho asubuhi kukiona. Nimeshaapa.