Mazishi Manne kwa Mwaka

Kwa furaha kubwa na kwa kauli moja, Kamati ya Mipango ya usharika ilitangaza kwamba kuanzia Januari hakuna jambo litakalotokea kanisani bila kupangwa. Mwenyekiti wake, mstaafu aliyepanga ratiba za mabasi kwa miaka ishirini na miwili, aliliandika jambo hilo katika kurasa themanini na sita. Mchungaji akatia saini bila kusoma, maana alikuwa anawahi ubatizo.

Mpango ulikuwa mtamu. Machozi ya toba yalitengewa dakika nne kila Jumapili, baada ya matangazo. Wagonjwa wangetembelewa robo ya nne. Mazishi yalikuwa manne kwa mwaka, wastani wa miaka mitatu iliyopita, na waumini walionyesha ushirikiano wa kupigiwa mfano: hadi Juni walikuwa wamekufa wanne barabara.

Jumatano moja ya Agosti, fundi cherehani, binti wa mzee mpiga kengele, aliingia ofisini macho yamemvimba.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Baba ametutoka alfajiri. Tunaomba kanisa limzike Jumamosi."

Mwenyekiti alisikitika kwa dhati. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua ukurasa wa arobaini na moja.

"Pole sana. Lakini mazishi ya mwaka huu yameisha."

"Yameisha vipi?"

"Tulipanga manne. Mzee wetu ni wa tano. Au tuseme ni wa kwanza, ila wa mwaka ujao. Januari atapewa kipaumbele."

"Mwenyekiti, baba yuko mochwari!"

"Ni mahali penye utaratibu mzuri sana."

Karani, dada mmoja mpole aliyekuwa akipiga chapa pembeni, alikohoa. "Ubatizo umebaki saba. Kwa nini tusihamishe mmoja?"

"Tuhamishe fungu la ubatizo kwenda mazishi? Mkaguzi akija tumwambie nini, kwamba tulimbatiza kwa udongo?"

"Baba amewapigia kengele miaka thelathini na moja," binti alisema taratibu. "Hata homa ikimshika, alikuja. Leo mnamwambia asubiri?"

"Mwanangu, hata Mungu aliumba kwa siku sita, na ya saba hakuongeza kitu."

Binti aliondoka bila kuaga. Karani alisema anakwenda chooni mara moja. Hakurudi siku hiyo.

Jumamosi ilikuwa siku ya tathmini ya nusu mwaka, mgeni rasmi askofu. Saa tatu kamili Mwenyekiti alisimama mlangoni, jalada la mpango kwapani. Ndani, viti mia mbili vitupu vilimtazama. Saa nne alimpigia mchungaji, simu haikupatikana. Saa nne na nusu alisikia watu wakiimba mtaa wa nyuma, nje kabisa ya ratiba ya kuimba.

Aliifuata sauti mpaka uani kwa mpiga kengele. Usharika mzima ulikuwa pale. Vijana walirudi kutoka kuchimba kaburi, wakapokewa na maji ya kunawa. Wazee wenye miguu mibovu walikuwa na mtu wa kuwaketisha, watoto mtu wa kuwanyamazisha. Kando ya jeneza, karibu na mchungaji, alisimama askofu, kanzu mwilini.

"Nani ameidhinisha shughuli hii?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mwenyekiti!" askofu alifurahi. "Nilikuwa nakuja kwako, nikaona watu, nikashuka. Nimezunguka sharika zote, sijaona mipango kama hii. Kila kazi ina mwenyewe! Hebu nionyeshe, iko ukurasa wa ngapi?"

Mwenyekiti alipekua. Akarudi nyuma, akapekua tena.

"Haimo humo, baba askofu," alisema mama mmoja mzee wa kwaya. "Tuligawana kazi Jumatano, karani alipotupitia nyumba kwa nyumba. Na Mwenyekiti naye ana yake."

"Mimi?"

"Kubeba jeneza, mbele kushoto. Si mlikuwa mnakaa benchi moja na marehemu? Kuna mtu alisema huwezi kukosa kuja."

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mwenye msiba."

Binti alimpokea jalada ili abaki na mikono mitupu, akatazama huku na huku pa kuliweka, kisha akainama na kulisukuma chini ya mguu wa meza ya jeneza, uliokuwa ukiyumba tangu asubuhi.

Meza ikatulia, na ibada ikaanza.