Ukuta Nilioupanga kwa Pimamaji

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Nimeadhirika kwa picha na sauti.

Wanaonijua wanajua: tangu wazee wetu wafariki, kaka mkubwa ni mimi. Skuli niliiacha kidato cha pili, nikashika bisibisi ya ufundi wa viyoyozi ili wadogo zangu wasome. Kompyuta siijui. Anayeijua ni mdogo wangu Raya. Yeye na wenziwe wa kujitolea walitengeneza programu ya bure inayowasomea wasioona ujumbe wa simu kwa Kiswahili. Kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Tatizo, mwaka mzima hakuna aliyeifungua, na simu mpya zimeikataa.

Shangazi yetu Zuwena, wa Sidab, haoni. Tangu programu ife, ujumbe wake anasomewa na jirani.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu anasoma, halafu ananipa na ushauri. Nimechoka!"

Basi nikamwambia Raya: waite watu, nyumba yetu ya hapa Sib ipo, Ijumaa na Jumamosi. Wenyewe wanaita hakathoni: mnafungiana ndani na kompyuta zenu mpaka kitu kifanye kazi. Wakawekeana sharti. Jumamosi magharibi ikiingia na programu haijasema neno, wanaizika, kila mtu ashike lake.

Walikuja kumi na wawili. Wa Mombasa na Kampala wakaingia kwa video kwenye televisheni yangu, kamera ikiuangalia ukuta wa majlis, chumba chetu cha wageni. Pale ukutani walibandika vikaratasi vya kunata, kila kikaratasi kazi moja. Kushoto kazi ambazo hazijaguswa, katikati zinazofanywa, kulia zilizokwisha. (Haya nimeyajua leo mchana. Nimechelewa.)

Leo Jumamosi adhuhuri wanaume wakaenda msikitini, Raya na wasichana wakaingia ndani kusali. Mimi nikabaki nipange masinia kwanza. Nikautazama ule ukuta. Manjano imeingia kwenye pinki, kijani kimelala upande, vingine vinaning'inia. Jamani, mimi ni fundi! Skurubu zangu zimepangwa kwa saizi. Wageni wale chakula wakitazama vurugu ile?

Nikavibandua vyote. Nikavipanga upya, kila rangi na wenzake. Mistari nikaipima kwa pimamaji. (Ndiyo. Pimamaji.)

Kwenye televisheni, Kassim wa Mombasa akaanza kupunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Nikaona ananisalimia. Nikampungia. Akazidi. Kijana mchangamfu, nikasema moyoni, nikazima sauti kabisa, maana ndani watu wanasali.

Wakarudi. Wakautazama ukuta.

"Nani kaugusa ukuta?" akauliza Salum, anayefanya kazi na Raya.

"Mimi!" nikasema, mkono kifuani. "Wala msinishukuru."

Raya akakaa chini palepale. "Kaka, hatujui tena ipi imekwisha na ipi haijaanza. Kazi ya siku mbili!"

"Lakini sasa zimenyooka," nikajibu. (Nilisema hivyo. Mbele za watu.)

"Zimenyooka wallahi," akasema Salum. "Maiti nayo hunyooka."

Nikamwona shangazi akisomewa na jirani yake, mpaka mwisho wa dunia.

Ndipo Raya akatazama televisheni. Kassim ameshika karatasi, kaandika kwa herufi kubwa: SAUTI! Tukairudisha.

"Nimerekodi!" akapiga kelele. "Tangu jana ninaurekodi ukuta! Nawatumia, rudisheni nyuma tu!"

Alhamdulillahi! Nilitaka kumbusu kwenye kioo. Lakini ili afike pale ukuta ulipokuwa mzima, Raya ilibidi kwanza apite kwangu, na wote wamesimama wanatazama. Mimi na pimamaji, nimefumba jicho moja. Mimi namega samaki wa wageni, kisha namgeuza ili lile shimo lisionekane.

"Subhanallah, kamgeuza!" akasema Salum.

Halafu mimi na mwiko mbele ya mdomo kama maikrofoni, naufanyia ukuta mazoezi ya hotuba ya kuwaaga: "Ndugu wageni, mimi skuli niliiacha, ila mdogo wangu huyu hajawahi kunitia aibu..." Nikasita, nikapangusa macho kwa kanga ya jikoni.

Walicheka hapa, wakacheka Mombasa, wakacheka Kampala. Raya peke yake hakucheka. Aliiacha hotuba ikaisha, ndipo akaendelea kurudisha nyuma.

Nusu saa tu, ukuta ukawa vilevile ulivyokuwa, umepinda kila upande. Sikuusogelea tena. Shangazi akaletwa alasiri, akaketi kwenye kona ya majlis na kahawa yake, akiuliza kila dakika kumi, "Bado tu?" Magharibi haijaingia, Raya akaiweka programu kwenye simu ya shangazi, akabonyeza ujumbe mpya.

Simu ikasema kwa sauti safi, kubwa, majlis nzima ikasikia: "Zuwena, umekula? Mimi leo nimekuwaza tu."

Shangazi akaichomeka simu ndani ya buibui. "Basi, basi! Imepona! Haya, kila mtu nje!"

Tukatoka wote, tunacheka na kupeana mikono, na kwa mara ya kwanza leo hakuna aliyekuwa ananicheka mimi.

Ile rekodi bado anayo Raya. Atakayemwomba, asinitafute kiyoyozi chake kikizima mwezi wa saba, joto la huku likichoma.