Mwanzilishi Ahamishiwe Liboi

Inatangazwa kwa wazazi, walimu na mifugo yote ya Garissa kwamba kusoma sasa kumethibitishwa kitaalamu.

Aliyethibitisha ni Bwana Kulow, Mkuu wa Kitengo cha Kueneza Yanayofaa. Kwa miezi kumi na minne kamati yake ilichunguza kwa nini watoto wa Mwalimu Deka, pale Balambala, wanajua kusoma. Ilipima madirisha. Ilipima chaki. Ikafanya semina tatu hotelini. Mwishowe ikagundua jambo zito: Deka anafundisha. Asiyejua herufi humketisha mbele, awe mtoto au mzee, na hamwachi mpaka ajue. Jamani, nani angeotea?

Kulow akatoa pendekezo la busara: mwanzilishi wa mradi huu wa kusoma, yaani Deka, ahamishiwe Liboi, mpakani, ionekane kama mafanikio yatamfuata. Watoto sitini na mmoja wa Balambala watabaki na ripoti.

Deka alisihi hadi machozi yakamtoka. "Nikienda, hawa nani atawafundisha?"

"Mwalimu, usiwe mbinafsi," Kulow akamwambia. "Wewe sasa ni ushahidi."

Kisha ikasikika kwamba mgeni kutoka Nairobi atampa mwanzilishi tuzo na safari ya Geneva. Kulow akaona si utu kumsumbua mwalimu na mambo ya ndege. Ukurasa wa kwanza wa ripoti akafuta jina la Deka, akaandika lake. Kurasa nyingine hakuzigusa. Mkubwa hasomi, mkubwa huidhinisha.

Siku ya uzinduzi wa ripoti, mbele ya mgeni na kijiji kizima, alimwita Rukiyo, muuza maziwa ya ngamia, aliyejifunza herufi kwa Deka akiwa tayari na wajukuu wanne.

"Mama, tusomee ripoti. Popote!"

Rukiyo akafungua katikati, kidole kikifuata mstari. "Mwanzilishi wa mradi... ahamishiwe Liboi. Darasa la kwanza. Miaka mitano. Aanze Jumatatu." Akarudi ukurasa wa mbele. "Mwanzilishi ni... Kulow." Akainua macho. "Warya, kumbe ni wewe! Walahi mimi nilifikiri wanachukua Deka yetu!"

Makofi yakalipuka. Mgeni akaguswa na moyo huo wa kujitolea, akatia sahihi uhamisho palepale. Kulow naye akapiga makofi. Akikataa, itabidi aseme mwanzilishi ni nani.

Deka akamletea boksi la chaki, akampa kwa mikono miwili.

"Safari njema, mkubwa. Liboi wanangojea ushahidi."