Tepe Mbili na Vena za Figo

Jumatatu, 24 Agosti

Mvua. Jiji zima la Gent limelowa, nami zaidi. Ijumaa narudia mtihani wa anatomia, mara ya mwisho. Nikifeli, kwaheri udaktari! Nakwenda kujaza soseji buchani kwa Baba, ambaye hana ndoto nyingine. Profesa Delvoye lazima aulize vena za figo. Amenibana hapo hapo mara mbili. Ati ya kulia ni fupi, inaingia moja kwa moja kwenye vena kuu. Ya kushoto ni ndefu, inapita mbele ya aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, na njiani inapokea vena ya korodani. Nani atakumbuka ipi ni ipi? Si mimi. Ila akili ninayo! Utepe mrefu mkono wa kushoto, mfupi wa kulia, zote zimefichwa ndani ya koti la maabara. Kusoma ni kwa wasio na mbinu.

Jumatano, 26 Agosti

Mazoezi ya maabara. Nikasimama miguuni pa maiti, nikachungulia tepe, nikaonyesha kwa majigambo vena ndefu upande wangu wa kushoto. Goedele, mwenzangu wa darasa anayeongoza hata akiwa na homa, akacheka mpaka akashika meza. We Wannes, akaniuliza, huko kushoto ni kwako au kwa marehemu? Ati tunataja kushoto kwake yeye, siyo kwetu. Nikamwambia nilikuwa nampima tu. Kiherehere!

Jioni nimebadilisha tepe: mrefu kulia, mfupi kushoto. Kazi imekwisha. Nimekula chipsi na mayonezi, nikalala.

Ijumaa, 28 Agosti

Balaa! Profesa ameifunika maiti. Kasema leo nionyeshe kwenye tumbo langu mwenyewe. Nikachungulia: utepe mrefu uko kulia. Nikajipapasa ubavu wa kulia, nikatangaza kwa sauti kwamba vena ndefu ndiyo hii hapa. Profesa akauliza kwa upole kama ini langu nalo limehamia kushoto. Nikajibu huenda. Goedele, aliyekuja kunisikiliza mlangoni, akajifunika uso.

Nimefeli. Nimempigia Baba. Ati aproni yangu keshaipiga pasi. Furaha yake imeniuma kuliko mtihani wenyewe. Nimelia njia nzima juu ya baiskeli.

Jumapili, 30 Agosti

Siku ya kwanza buchani. Nimenuka vitunguu mpaka kwenye nyusi. Goedele kaja kununua nyama ya kusaga, akaninong'oneza kwamba dawa yake ni ndogo tu: kila mara nijiulize ni kushoto kwa nani, basi. Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza mambo makubwa.

Na nimegundua! Kosa si langu, ni la figo; nani aliziambia ziwe mbili? Baba hajui bado, lakini mwakani naomba udaktari wa meno. Mdomo ni mmoja, uko katikati kabisa. Hauna kushoto wala kulia!